Sura ya Tano: Shahidi wa Pili

Mtu anayeleta dhahabu Bunia kutoka Mongbwalu au Kilo haingii kwa mnunuzi bila kujua uzito wa alichobeba. Ameipima huko atokako, kwa mizani yake au ya jirani, na namba anayo kichwani. Mnunuzi naye anaiweka kwenye mizani yake. Namba zikikubaliana, wanaanza kuzungumza bei. Zikipishana, dhahabu inapelekwa kwenye mizani ya tatu, na hakuna aliyetukanwa. Kila mtu kwenye biashara hiyo anajua kwamba mizani huchoka, huingia vumbi, hukaa upande kwenye meza iliyoinama.

Mama wa kibanda cha M-Pesa au Airtel Money anaishi kwa kanuni hiyohiyo. Hatoi pesa kwa sababu tu mteja amemwonyesha ujumbe kwenye simu. Anafungua salio lake mwenyewe, anatazama kama limepanda, kisha anaandika kwenye daftari, kaye kama tunavyosema hapa. Ujumbe ni shahidi wa kwanza, salio ni wa pili, na kaye inangoja siku ambayo wawili hao watagombana.

Nimeanza na mizani na kaye kwa sababu sura hii inahusu programu za kompyuta zilizoteketeza mali ya mamilioni, na nyingine zilizoua. Nimezisoma habari zake kwa miaka, na kila mara naona kwamba yule mama wa kibanda anajua jambo ambalo makampuni makubwa yalilisahau. Watunga programu hukosea. Hukosea kila siku, Nairobi na Paris na kwetu, na hakuna shule itakayolimaliza hilo. Lakini kosa la mstari mmoja hubaki dogo mpaka namba iliyotoka kwenye kompyuta iachwe peke yake bila shahidi wa pili, au shahidi awepo na asisikilizwe. Hapo ndipo hasara inapozaliwa.

Mara nane

Tarehe 4 Machi 2013 Wakenya walikwenda kupiga kura wakiwa na kumbukumbu nzito. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa umefuatwa na mauaji ya zaidi ya watu 1,000, na chanzo kimojawapo kilikuwa matokeo ambayo hakuna aliyeyaamini. Safari hii tume ya uchaguzi, IEBC, iliahidi kwamba teknolojia itarudisha imani. Vifaa vingemtambua mpiga kura kwa alama ya kidole, wasimamizi wa vituo wangetuma matokeo kwa simu, na nchi nzima ingeyaona yakipanda moja kwa moja kwenye ukumbi wa Bomas, Nairobi.

Vifaa vya vidole vilianza kuanguka asubuhi ileile. Betri ziliisha ndani ya madarasa yasiyo na umeme, na kwingine msimamizi hakuwa na neno la siri la kukifungulia kifaa. Maofisa wakarudi kwenye daftari la karatasi. Kisha matokeo yakaanza kupanda kwenye ukuta wa Bomas, na jambo moja likawashtua wote: kura zilizoharibika zilipita 300,000. Nchi ikaanza kuulizana. Je, Wakenya hawajui kutia alama kwenye karatasi? Je, kuna mtu anaziharibu kwa makusudi?

Siku zilizofuata mwenyekiti wa tume, Isaack Hassan, akatoa maelezo. Kulikuwa na kosa kwenye programu: kila kura iliyoharibika ilikuwa inazidishwa kwa 8. Hesabu ya mwisho iliyotoka kwenye fomu za karatasi ilikuwa kura 108,975.

Msomaji anaweza kusema kwamba kosa la kura zilizoharibika halina uzito, kwa kuwa hazimpi mtu yeyote ushindi. Tufanye hesabu. Katiba ya Kenya inadai mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura. Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa na kura 6,173,433 kati ya 12,330,028, na katika jumla hiyo zile zilizoharibika zilikuwemo. Alikuwa ameivuka nusu kwa kura 8,419 tu. Kama zile 300,000 zingeaminiwa, jumla ingeongezeka kwa zaidi ya 190,000, nusu yake ingepanda kwa zaidi ya 95,000, na nchi ingerudi kupiga kura duru ya pili. Mahakama ya Juu iliamua tarehe 30 Machi kwamba kura zilizoharibika zisiingie katika kutafuta asilimia, lakini uamuzi huo ulikuja baadaye. Wiki ile ya kuhesabu, namba iliyokosewa ilikuwa imekaa mahali ambapo rais hupatikana au hukosekana.

Kilichoiokoa Kenya ni karatasi. Mfumo wa kutuma matokeo ulipozimika, wasimamizi wa majimbo walipanda magari na ndege kwenda Nairobi wakiwa na fomu mkononi, na hesabu ikaanza upya kwa kusoma fomu moja baada ya nyingine. Ilikuwa kazi ya kuchosha, nchi ikiwa imeshika pumzi, lakini shahidi wa pili alikuwepo na alisikilizwa.

Mtunga programu achukue hapa somo la pili, dogo kwa macho lakini lenye faida kubwa. Tuseme mtu angeingiza kwenye mfumo ule, wiki moja kabla, kituo kimoja cha kubuni chenye kura 10 zilizoharibika, akatazama ukuta. Angeona 80. Jaribio hilo halihitaji mtaalamu. Linahitaji mtu anayejua jibu kabla ya kuiuliza mashine, kama mwenye dhahabu anavyojua uzito kabla ya kuingia kwa mnunuzi.

Kenya iliendelea kujifunza kwa maumivu. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyohiyo, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa urais wa Agosti. Miongoni mwa sababu ni kwamba matokeo yalitangazwa kabla fomu zote za vituo hazijafika, na tume haikuzifungua seva zake kama ilivyoamriwa. Mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye mtandao, moja moja, kila mtu azione. Vyombo vya habari vikazijumlisha vyenyewe, na mwanafunzi mwenye kompyuta akaweza kufanya hivyohivyo. Ugomvi haukuisha, ila sasa waliogombana walikuwa na karatasi zilezile mbele yao.

Kidole kimoja

Tarehe 10 Machi 2019, saa mbili na dakika 38 asubuhi, ndege ya Ethiopian Airlines nambari 302 iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ilikuwa Boeing 737 MAX, ingali mpya. Dakika sita baadaye iligonga ardhi karibu na Bishoftu, na watu wote 157 waliokuwemo wakafa. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko taifa lingine lolote. Miezi minne hivi nyuma, Oktoba 29, 2018, ndege ya aina hiyo ya Lion Air ilikuwa imetumbukia baharini Indonesia na watu 189.

Ndani ya ndege hizo kulikuwa na programu iitwayo MCAS. Kazi yake ilikuwa kuishusha pua ya ndege ikiona imeinuka kupita kiasi, na ilijua hivyo kupitia kihisi kidogo ubavuni kinachopima pembe ya upepo. Ndege ilikuwa na vihisi viwili, kimoja kila upande. Programu ilisikiliza kimoja tu.

Asubuhi ile ya Addis Ababa kihisi cha kushoto kiliharibika muda mfupi baada ya kuruka. Kikasema pembe ni zaidi ya digrii 70, wakati cha kulia kilisema karibu 15. Ndege ya abiria haiwezi kupaa kwa pembe ya digrii 70. Mtoto aliyewahi kurusha ndege ya karatasi analijua hilo. Programu haikujua, kwa sababu hakuna aliyeiambia iulize. Ikasukuma pua chini, marubani wakaiinua, ikasukuma tena. Nahodha Yared Getachew, aliyekuwa na umri wa miaka 29, na msaidizi wake walipigana nayo mpaka mwisho.

Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa kidole kimoja kilipewa nguvu ya kuivunja ndege nzima, huku cha pili kikiwa ubavuni kinasema kweli bila kuulizwa. Waliochunguza MCAS hawakukuta mstari uliokosewa katika maana ya kawaida. Programu ilifanya hasa kile ilichoagizwa. Kosa lilikuwa kwenye agizo lenyewe, na ndiyo maana linatuhusu zaidi kuliko herufi iliyosahauliwa. Unaweza kuandika msimbo safi usio na doa, ukaupitisha kwenye majaribio yote, na bado ukaua, ikiwa swali uliloukabidhi si swali sahihi.

Ndege za MAX zilifungiwa duniani kote. Marekani ilizirudisha Novemba 2020, na hasara ya Boeing ilipita dola bilioni 20. Marekebisho yaliyofanywa yanaelezeka kwa maneno machache: programu isikilize vihisi vyote viwili, vikipishana sana inyamaze, isirudie kusukuma mara kwa mara, na isiwe na nguvu ya kumshinda rubani. Kwa ufupi, ipewe shahidi wa pili, na mtu abaki na neno la mwisho. Maarifa hayo yalikuwepo kabla ya watu 346 kufa.

Mashahidi wa tumbo moja

Kuna anayesikia neno shahidi wa pili akadhani kununua kifaa cha pili kunatosha. Tarehe 4 Juni 1996, Kourou, katika Guyane ya Wafaransa, roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza ikiwa imebeba setilaiti nne za kisayansi. Ilikuwa na kompyuta mbili za kupima mwelekeo, moja ikifanya kazi na nyingine ikingoja kumpokea mwenzake akianguka.

Programu ya kompyuta hizo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi bila shida. Lakini Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda upande. Namba moja ikakua mpaka ikashindwa kuingia kwenye chumba ilichotengewa, chumba kisichoweza kubeba zaidi ya 32,767. Kompyuta ya akiba ikazimika. Kabla sekunde moja haijatimia, ile kuu ikazimika pia, kwa sababu ileile. Zote mbili zilikuwa zinaendesha programu moja, kwa hiyo zilikuwa na upofu mmoja. Sekunde 37 hivi baada ya kuanza safari, roketi ilipinda, ikavunjika na kujilipua, na hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 370. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hesabu iliyoleta maafa hayo haikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5 baada ya kuruka. Ilibaki mle kwa sababu ilikuwa imezoeleka.

Mashahidi wawili waliofundishwa na mtu mmoja maneno yaleyale ni shahidi mmoja. Ukitaka kuijaribu programu yako, usiijaribu kwa kutumia programu yako. Hesabu kwa mkono, au kwa njia nyingine kabisa, au umpe mwenzako ambaye hajauona msimbo wako.

Shahidi aliyeitwa mwizi

Kisa kinachoniuma kuliko vyote hakina ndege wala roketi. Kina watu waliosimama nyuma ya kaunta wakiuza stempu.

Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilianza kuweka mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ambayo sasa ni sehemu ya Fujitsu, kwenye matawi yake maelfu. Matawi mengi yaliendeshwa na wafanyabiashara wadogo, na mkataba uliwadai walipe pengo lolote la hesabu. Mapengo yakaanza kuonekana. Mtu anafunga duka jioni, anahesabu pesa, mfumo unasema zimepungua maelfu ya paundi. Anapiga simu kuomba msaada, na wengi wanakumbuka kuambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Wengine walilipa kwa akiba zao na nyumba zao. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi, ulaghai au hesabu za uongo. Seema Misra alifungwa mwaka 2010 akiwa mjamzito.

Tunajua leo jinsi kosa moja kati ya mengi lilivyofanya kazi. Mwaka 2015, huko Dalmellington, Scotland, msimamizi wa tawi alihamisha paundi 8,000. Skrini ikaganda, akabonyeza tena, na tena. Mfumo ukaandika uhamisho huo mara nne, na pengo la paundi 24,000 likaonekana kwenye vitabu ingawa hakuna hata senti iliyoondoka.

Kila mtu wa Bunia aliyewahi kutuma pesa siku ambayo mtandao umelala anaujua ubonyezaji huo. Skrini imeganda, mteja anangoja, kidole kinarudi pale pale. Kwa hiyo hili si kosa la Scotland peke yake. Dawa yake inajulikana: kila muamala upewe namba yake kabla haujatumwa, ili ukifika mara ya pili mfumo uutambue na kusema, huu nimekwisha kuupokea. Anayetunga programu za pesa katika mji wenye mtandao dhaifu na akaacha kufanya hivyo ameacha mlango wazi usiku.

Lakini Horizon haikuwa maafa kwa sababu ya makosa yake. Ilikuwa maafa kwa sababu sheria ya huko ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na mwenye duka hakuwa na njia ya kuiona nafsi ya mashine. Shahidi wa pili alikuwepo, tena ni mamia ya watu wanaosema jambo moja kutoka miji tofauti. Aliitwa mwizi. Desemba 2019 Jaji Fraser aliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro. Aprili 2021 hukumu 39 zilifutwa kwa siku moja, ya Seema Misra ikiwemo, na mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta mamia mengine. Fidia iliyolipwa imepita paundi bilioni moja. Wapo waliokufa kabla ya kusikia majina yao yamesafishwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndani ya kampuni walikuwepo waliojua kasoro hizo. Laiti orodha yake ingewekwa mezani mwanzoni, gharama ingekuwa siku kadhaa za kazi ya watunga programu.

Karatasi iliyofungiwa

Sisi wa Ituri tumeishi na swali hili pia. Tarehe 30 Desemba 2018 wapiga kura wa Bunia walisimama mbele ya mashine ya kupigia kura iliyotengenezwa Korea Kusini. Kwa Kifaransa herufi moja tu hutenganisha kupiga kura na kuiba, na wapinzani wa mashine hiyo waliitumia herufi hiyo vizuri. Hata hivyo, mpango wake ulikuwa na jambo jema: mtu anachagua kwenye skrini, mashine inachapa chaguo lake kwenye karatasi, anaisoma kwa macho yake, anaitumbukiza sandukuni. Kisheria zilizohesabika ni karatasi, kwa mkono. Shahidi wa pili alizaliwa pamoja na wa kwanza.

Kisha tarehe 10 Januari 2019 tume ya uchaguzi ya Kongo, CENI, ikatangaza matokeo, na maaskofu Wakatoliki wa CENCO, waliokuwa wamepeleka watazamaji wapatao 40,000, wakasema hayalingani na waliyokusanya. CENI haikuchapisha matokeo ya kila kituo. Kwa hiyo mwananchi wa Bunia aliyesimama kwenye foleni siku ile hana namna ya kuilinganisha namba ya kituo chake na ile ya taifa. Siandiki hapa kuamua nani alishinda. Naandika kama mtu wa programu: shahidi aliyefungiwa chumbani hana tofauti na shahidi ambaye hakuwepo.

Vijana wa mji wetu sasa wanatunga programu za maduka ya dawa, za shule, za vikundi vya akiba. Hesabu zao zina faranga na dola pamoja, umeme hukatika katikati ya kuhifadhi, na anayebonyeza mara nyingi ni mama aliyeandika kaye miaka 20 bila kupoteza mizigo yake. Kwa kijana kama huyo nina ombi. Usihifadhi namba 50 bila kuandika kama ni dola au faranga. Usifute muamala uliokosewa. Andika mwingine wa kuurekebisha, ili alama ibaki. Weka mahali ambapo mtumiaji anaweza kusema namba hii si kweli, na mtu akaisoma. Siku utakapokuta kosa lako, mwambie mteja kabla hajaligundua, hata kama siku hiyo itakuwa chungu.

Na usiku ule wa kwanza wa kukabidhi kazi, usimnyang'anye mama kaye yake. Keti naye mwezi mzima, kila jioni, yeye na daftari, wewe na skrini, mkisoma jumla kwa sauti. Zikipishana, anza kwa kudhani kwamba yeye ndiye mwenye haki, kisha tafuta. Mara nyingine utakuta amesahau mstari. Mara nyingine utakuta mashine yako inazidisha kwa nane.